Ndolo Mombasa na Maji Yasiyongoja Mvua

Pale sokoni Kalamba, mwaka wa themanini na nane, palikuwa na akina Ndolo watatu. Kulikuwa na Ndolo wa Kinu, aliyesaga mahindi. Kulikuwa na Ndolo Mguu, ambaye alikanyagwa na ng'ombe na hakuacha kusimulia. Na kulikuwa na Ndolo Mombasa. Huyu wa tatu ndiye wetu. Alikuwa fundi wa baiskeli, mwembamba, mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa, aliyosema ni ya Mombasa, na mdomo uliofanya kazi kuliko mikono. Ukimpelekea baiskeli yenye pancha, utarudi nyumbani na tairi lililozibwa nusu na habari kamili za pwani.

Habari hizo kila mtu alizijua. Kwamba mwaka wa sabini, akiwa kijana, Ndolo aliaga mji mzima akaenda Mombasa. Kwamba alikaa huko miaka minne, akifanya kazi ambayo jina lake lilibadilika kulingana na anayesikiliza. Kwamba alirudi na suruali pana chini na redio yenye mkanda wa ngozi, akamwoa Ndinda, aliyekuwa amemngoja muda huo wote. Ukimuuliza Mombasa ikoje, anaweka spana chini. Anakueleza pembe za ndovu zilizopandwa barabarani, unene wa kuta za Fort Jesus, mahamri, milango ya kuchongwa, na jinsi watu wa kule wanavyotembea pole pole kana kwamba dunia haiishi.

Sasa nikwambie jambo ambalo Kalamba haikulijua. Ndolo hakuwahi kufika Mombasa. Hata siku moja. Nauli ilimwishia Kiboko, pale kwenye barabara kuu, mahali ambapo ukipanda basi asubuhi kutoka Emali, mji wetu wa jirani, unafika chai haijapoa. Alishuka akitafuta kibarua cha wiki moja ili aendelee na safari, akapata kazi ya kumwagilia mimea katika kituo cha utafiti wa kilimo, na ile wiki moja ikawa miaka minne. Kila akipanga kuondoka, mshahara unatoroka kabla yake. Jioni alikaa hotelini na madereva wa malori waliotoka pwani, akawanunulia chai, akawasikiliza. Madereva hao ndio waliomjengea Mombasa, tofali kwa tofali. Akimwona mtu wa kwao anashuka basi, alijificha nyuma ya tangi la maji mpaka aende zake.

Angesema ukweli aliporudi. Alikusudia kabisa. Lakini siku ile ya kwanza, Ndinda alimtazama kwa macho ya kumtazama mtu aliyevuka nchi, akauliza, "Bahari ni kubwa kweli?" Naye Ndolo akasikia mdomo wake ukijibu, "Aa, hiyo wacha tu." Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe, na kamba haikufunguka tena.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini alimwaga chai siku Kasyoka alipomletea habari. Kasyoka alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mpana, asiyejua kunong'ona.

"Ndolo! Sisi mama wa kanisa tunaenda Mombasa! Tumechanga, tumemaliza. Tunapanda gari-moshi Emali Ijumaa usiku, Jumamosi tunatembea mji yote, jioni tunapanda tena, Jumapili tuko kanisa. Siku moja tu, lakini tutaimaliza. Na wewe ndio utatuonyesha."

Ndolo akasema mgongo unamsumbua. Kasyoka akasema gari-moshi lina viti. Ndolo akasema ana baiskeli za watu. Kasyoka akasema watu hao wamengoja tangu Krismasi na wamezoea. Ndolo akamgeukia mke wake apate msaada, akamkuta Ndinda tayari anatabasamu.

"Baba Kisilu," Ndinda akasema, "miaka hii yote nasikia tu. Sasa nitaona pahali ulikuwa unakaa."

Ndolo hakulala vizuri wiki hiyo. Kuchekwa na soko lote angevumilia, maana soko husahau likipata jipya. Aliyemwogopesha ni Ndinda. Alikuwa amependwa akiwa mtu wa Mombasa. Akigeuka kuwa mtu wa Kiboko, angependwa na nani?

Basi wakashuka stesheni ya Mombasa asubuhi hiyo ya Jumamosi, akina mama ishirini na kitu wenye vitambaa vya kichwa vya aina moja, Mwinjilisti wao Muthama, mwenye viatu vyeusi vinavyong'aa, na Ndolo mbele. Walibeba chakula chao, kwani mtu wa Makueni hasafiri kwa kutegemea sufuria za wengine: muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, ya kutosha harusi, kuku wa kukaanga ndani ya vikapu vya kiondo, na maji ya kunywa kwenye madumu. Wengine walisokota kamba za kiondo huku wakitembea, macho yao juu kwenye majengo, vidole vikiendelea na kazi bila kuulizwa.

Ndolo alianza vizuri, lazima tumpe haki yake. Alifuata kundi la watu waliobeba mizigo, akifikiri wanaenda mjini, na kweli walikuwa wanaenda mjini. Zile pembe za ndovu zilipotokea, nyeupe na kubwa juu ya barabara, alinyoosha mkono bila kugeuza kichwa, kama mtu anayeonyesha zizi lake.

"Hii ndiyo Kilindini Road," akasema.

"Hapa wameandika Moi Avenue," akasema Mwinjilisti Muthama, ambaye alisoma kila bango kwa sauti.

"Wakati wangu ilikuwa Kilindini."

Na hilo lilikuwa kweli! Madereva hawakumdanganya. Ndolo akapata nguvu, na pia akapata dawa. Tangu hapo kila alichoulizwa na hakukijua, alijibu kwamba wakati wake hakikuwako. Benki hii? Wakati wangu haikuwako. Sinema hii? Wameijenga juzi. Mti huu? Hapo alisita kidogo, maana mbuyu wenyewe ulikuwa na unene wa nyumba, akasema wakati wake ulikuwa mdogo.

Dawa yenyewe ilimlevya. Walipoingia Mji wa Kale, kwenye vichochoro ambamo roshani za mbao zinakaribia kusalimiana juu ya vichwa vya watu, Ndinda alisimama mbele ya nyumba moja yenye mlango wa kuchongwa, maua na minyororo kutoka juu hadi chini. Akaupapasa. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na Ndinda alijua kazi akiiona.

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Hii ni mpya," akasema Ndolo. "Wakati wangu haikuwako."

Kutoka barazani palitoka kicheko. Bibi mmoja wa makamo, aliyevaa buibui na kupepeta mchele kwenye ungo, aliinua uso.

"Mpya, mwanangu? Babu wa babu yangu kazaliwa humu."

Akina mama wote wakamgeukia Ndolo. Kijasho kikamtoka chini ya kofia.

"Rangi, mama," akasema. "Nilikuwa nasema rangi."

"Hilo kweli," yule bibi akakubali kwa upole. "Rangi tumeitia mwaka jana." Akajitambulisha kuwa ni Bi Zuhura, akawakaribisha wapumzike. Wao wakashukuru, wakasema siku ni fupi, wakaendelea. Ndolo alitembea hatua za haraka, na Ndinda alimfuata nyuma akigeuka kuutazama tena ule mlango, jambo ambalo Ndolo hakulipenda.

Wakafika Fort Jesus. Kabla ya kuingia, Kasyoka akasema mizigo imewalemea, na hakuna anayetaka kuona mizinga huku sufuria iko kichwani. Chini ya ule ukuta mkubwa, upande wa baharini, waliona mchanga mpana, mtulivu, wenye unyevu, na maji yenyewe yako mbali kabisa, yamejikunja huko kama hayana haja na mtu. Wakateremka.

Sasa elewa, mtu wa Kalamba akiona mchanga wenye unyevu hasimami tu akautazama. Kwetu mto ni mchanga. Maji yako chini yake, na kazi ya mwanamke ni kuyachimbua. Kasyoka alipiga magoti bila hata kufikiri, akatoa kata yake ya kibuyu, akaanza kuchimba. Wengine wakaja wakamzunguka. Kisima kikatokea, maji yakajikusanya ndani, safi. Kasyoka akaonja, akatema.

"Iko na chumvi."

"Kama ile ya kwetu ya chini," akasema mwingine. "Chimba zaidi."

Wakachimba zaidi. Ikawa chumvi zaidi. Watu waliokuwa wakipita juu kando ya ukuta walisimama kutazama hawa mama wa vitambaa vya rangi moja wanaochimba bahari kutafuta maji.

Kisima kikaachwa, lakini mchanga ulikuwa wa baridi, na baridi haiachwi. Nyumbani ukitaka kitu kisiharibike kwa joto, unakifukia nusu kwenye mchanga wa mto. Wakafukia sufuria za muthokoi mpaka shingoni, wakazika madumu, wakapanga vyondo vya kuku kwenye kivuli cha jiwe. Mwinjilisti Muthama, ambaye viatu vilikuwa vikimuuma tangu stesheni, akavivua, akaviweka juu ya vyondo, akavaa kandambili.

Kasyoka alikuwa mtu wa kuuliza. "Ndolo, na kama maji itakuja?"

Hapa ndipo kosa lilipotokea. Ndolo alifanya kile ambacho angefanya mtu yeyote mwenye akili aliyezaliwa kati ya milima ya Nzaui na mito ya mchanga. Mto wetu haujai bila sababu. Hujaa mvua ikinyesha huko juu, na ukitaka kujua kama ni salama, unatazama mbingu. Ndolo akatazama mbingu. Ilikuwa nyeupe, hakuna wingu hata la kumfunika kuku. Akageuka, akatazama pande zote, akarudi kwa Kasyoka na uso wa mtu aliyeulizwa jambo dogo.

"Itoke wapi? Wewe umeona mvua? Mimi nimekaa hapa miaka minne, Kasyoka. Hii maji haisongi bila mvua."

Walifurahi sana siku ile, hilo hakuna wa kuwanyang'anya. Waligusa mizinga. Walisimama kwenye madirisha membamba ambamo zamani wanajeshi walichungulia adui, nao wakachungulia, wakapungiana mikono. Mwinjilisti Muthama alisoma vibao vyote kwa sauti, akasema wenye ngome waliomba Mungu humu humu na kupigana humu humu, akatikisa kichwa. Walirudi Mji wa Kale kununua kanga, wakanusa karafuu, wakapotea mara nyingi, na kila mara Ndolo alisema amewapitisha makusudi ili waone zaidi. Hata yeye alianza kufurahi. Kila kona ilimpa kitu alichokisimulia miaka kumi na minne bila kukiona, na alitamani kusimama akapiga kelele: kumbe ni kweli! Lakini mtu aliyekaa mahali miaka minne hashangai, kwa hiyo alimeza mshangao wake wote, na ulimkaba. Hata uongo una mateso yake.

Saa tisa njaa ikawarudisha kwenye ukuta. Wakasimama.

"Tumepotea," akasema Ndolo.

Hawakuwa wamepotea. Ukuta ulikuwa ule ule, jiwe lile lile, ila lilibaki kichwa tu. Bahari ilikuwa imekuja yote. Ilikuwa inapiga ukuta polepole, tulivu, chini ya jua kali na mbingu isiyo na wingu. Kiondo kimoja kilikuwa kinaelea mbali, na kuku wake ndani. Mfuniko wa sufuria ulizunguka zunguka. Na kiatu kimoja cheusi, kinang'aa kuliko asubuhi, kilikuwa safarini kuelekea India.

"Ngai mwiaitu! Mungu wetu!" akasema Mwinjilisti.

"Imenyesha wapi?" akauliza Kasyoka. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa anataka kujua kweli. "Ndolo, hii maji imenyesha wapi?"

Bi Zuhura alikuwa akipita na kapu lake la sokoni. Aliwaona wamepanga mstari wakiitazama bahari kama watu waliofiwa, akasimama.

"Maji yamejaa," akasema. "Mlikuwa na vitu chini? Pole, wanangu. Mwezi umetimia, siku kama hizi yanapanda mpaka juu. Usiku yatatoka tena."

"Yanatoka?" Kasyoka akageuka. "Na inajaa lini tena?"

"Kesho. Kila siku hujaa mara mbili, na kutoka mara mbili."

"Kila siku?"

"Tangu dunia iumbwe."

Kasyoka alimgeukia Ndolo taratibu, na mstari wote ukageuka naye. Ndolo akafungua mdomo.

"Wakati wangu..." akaanza.

Akaufunga. Madereva walikuwa wamemwambia kila kitu, hata bei ya samaki, lakini hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwambia kwamba bahari huondoka na kurudi. Mtu anayeishi nayo haoni kama ni habari.

"Wewe, Ndolo," Kasyoka akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa wapi?"

Hakukuwa na tangi la kujificha nyuma yake. Ndolo akavua kofia.

"Kiboko," akasema.

Kisha mama mmoja akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko kikawashika wote. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Kiboko! Hapo kwa kona!" Waliitana majina, wakapigana mabega. "Si hata mimi nimetembea ng'ambo kumshinda! Mimi nimefika Machakos!" Mwinjilisti, na kandambili zake, alijitahidi kuwa na huzuni kwa ajili ya viatu lakini mabega yalimtikisika. Kasyoka alifuta machozi, akatoa hukumu pale pale: mbuzi mmoja, Kalamba, kwa kundi zima, kufidia kuku na muthokoi, na Ndolo mwenyewe atapika na kupakua huku amefunga kitambaa cha kichwa cha akina mama. Wote wakasema amina. Kisha Bi Zuhura akawachukua wote barazani kwake, akisema haiwezekani watu wakashinda na njaa hatua mbili kutoka mlangoni pake, na mahamri na mbaazi zikaanza kutoka ndani, sinia baada ya sinia.

Ndinda peke yake hakucheka. Wala hakwenda. Alibaki ameketi juu ya ule ukuta, kiondo mapajani, akitazama maji. Ndolo akaja akasimama karibu, kofia mkononi. Angependa apigwe kelele. Kelele za Ndinda alizijua, zilikuwa na mwanzo na mwisho.

"Mama Kisilu," akasema. "Nilitaka kukuambia."

"Miaka minne," Ndinda akasema. "Mimi nilikungoja miaka minne. Nilikataa Nzuki wa duka. Nilikataa yule mwalimu wa Matiliku. Nikiulizwa nasema wangu ako mbali, ako bahari, hawezi kuja. Usiku nilikuwa nakuombea maji isikuchukue." Akamgeukia. "Na ulikuwa Kiboko. Kiboko, Ndolo! Kiboko ningekuja na miguu."

Ndolo hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo upande huo. Miaka yote aliogopa kuonekana mdogo. Hakuwahi kuhesabu kile alichomnyang'anya Ndinda. Aliona njia yote kutoka Kalamba hadi Kiboko, fupi, ya vumbi, na msichana mmoja ambaye angeitembea akiimba, na hakuja kwa sababu aliambiwa ni mbali.

"Niliaibika," akasema. "Niliaga watu wote nikisema Mombasa. Ningerudi niseme nini? Nimefika hapo kwa kona nikashikwa na kazi ya kumwagilia nyasi?"

"Ungesema hivyo hivyo."

"Ungenitaka?"

"Sasa hiyo hatutajua," Ndinda akasema. "Hukuniuliza."

Ndolo akalia. Si sana, lakini alilia, pale mbele ya bahari na wapita njia. Ndinda alimwacha alie. Alitazama jua, akatazama upande wa stesheni, akafikiri kama mtu anayepanga kazi za shamba. Kisha akafuta macho yake kwa ncha ya kanga mpya, akajitwisha mshipi wa kiondo kichwani.

"Sikiza," akasema. "Mimi nimekasirika. Nimekasirika kabisa, na haitaisha leo. Lakini gari-moshi inaondoka jioni, na mimi sijui kama nitarudi hapa tena maishani. Kukasirika naweza kukasirikia Kalamba. Mombasa naiona leo tu. Simama."

Ndolo akasimama.

"Ulizia njia ya kwenda pahali wanaingiza meli. Nataka kuona meli kubwa. Na usijifanye unajua."

Ndolo alimsimamisha mzee mmoja aliyevaa kanzu, akavuta pumzi. Maneno yalimtoka kwa shida mara ya kwanza. "Baba, tafadhali. Sisi ni wageni hapa. Hatujui njia." Mzee akawaelekeza kwa furaha, akawashika mkono, akawatembeza sehemu. Ndolo akauliza tena kwenye kona nyingine, na nyingine. Na kwa kuwa sasa hakuwa na chochote cha kulinda, alishangaa kwa sauti. Aliona meli yenye urefu wa soko zima la Kalamba akasema "Aiya!" mara nyingi mpaka Ndinda akamwambia apumue. Walikula mabuyu yenye rangi, midomo ikawa myekundu. Walitumbukiza miguu kwenye ngazi zilizokuwa zimefunikwa na maji, wakaonja chumvi, wakatema pamoja. Ndinda alicheka mara moja, akakumbuka, akanyamaza, akacheka tena. Walifika stesheni mbio, wa mwisho kabisa, Kasyoka akiwa amesimama mlangoni mwa behewa akiwaita kwa sauti yake ya kawaida iliyosikika mpaka Likoni, ng'ambo ya maji.

Ndinda alilala njia nzima, kichwa begani kwa Ndolo. Jumapili kanisani waliimba kutoka kitabu kimoja, na Ndolo, mtu wa matumaini, alianza kudhani amesamehewa.

Lakini Ndinda ni mtu wa ahadi. Jumatatu asubuhi aliteleka chai, akafunga mlango, akavuta kigoda, akaketi mbele ya Ndolo.

"Haya," akasema. "Sasa."